Shamba la ekari moja na nusu juu ya Wundanyi: mtu wa Malindi atie pesa au aache?

BintiMuyeye

Assalaam aleikum wanabaraza. Niko Malindi. Kuna shamba la ekari moja na nusu linauzwa kijiji kimoja juu ya Wundanyi, njia ya kwenda Werugha, huko milima ya Taita. Ardhi imeinama. Chini yake kuna chemchemi, kando pana mikalitusi mikubwa, na kutoka barabara ya udongo hadi shambani ni kichochoro cha miguu kama mita 150 kinachopita shamba la jirani. Hati ipo, lakini jina ni la babu yake muuzaji, naye alishafariki. Muuzaji anataka tuandikiane mbele ya chifu, nitoe nusu ya bei, hati ataishughulikia baadaye.

Nia yangu ni nyumba ndogo ya vyumba viwili, miparachichi, na kuiacha ardhi ipande bei kama huku kwetu ploti za futi hamsini kwa mia zinavyopanda. Shemeji yangu Mtaliano yuko tayari kuchangia nusu ya pesa ikiwa jina lake litaingia kwenye hati.

Naomba walio na ujuzi wanieleze: karatasi ziko sawa? Nyumba yajengwaje kwenye mteremko? Maji, stima na baridi vikoje? Na je, kweli bei hupanda?

Karani_Mstaafu

Aleikum salaam, mwanangu. Nianze na hati, maana hapo ndipo pesa hupotea kabla tone la mvua halijaanguka.

Mtu wa Malindi amezoea mambo yetu ya pwani: nyumba bila ardhi, mwenye shamba asiyeonekana, watu wanaoishi juu ya ardhi ya mwingine miaka arobaini kwa kulipa ijara. Milimani Taita hali ni nyengine. Mashamba mengi yalipimwa na kusajiliwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, kila kipande na nambari yake. Kwa hiyo tatizo la kule si kwamba hati hakuna. Tatizo ni kwamba hati ipo kwa jina la marehemu, na chini yake kuna watoto kumi na wajukuu hamsini.

Hati ya jina la babu haiuziki na mjukuu. Sheria ya urithi, sura ya 160, inasema mali ya marehemu isiguswe na mtu asiyepewa mamlaka na mahakama, na hata huyo msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla barua zake za usimamizi hazijathibitishwa. Mwenendo ni huu: chifu anaandika barua ya kutaja warithi wote, wake kwa waume, maombi yanapelekwa mahakamani, tangazo linatoka kwenye Gazeti rasmi la serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga, barua zinatolewa, kisha kwa kawaida inangojewa miezi 6 ndipo zithibitishwe, na hapo inaandikwa nani anapata kipande gani. Mtu mmoja akipinga, hesabu miaka. Basi chifu ana kazi, lakini kazi yake ni ile barua ya warithi. Makubaliano mliyoandikiana mbele yake hayahamishi ardhi hata yakiwa na mihuri mitatu.

Usitoe nusu. Usitoe hata shilingi ya "kumsaidia aanze kesi". Mwambie akamilishe urithi kwanza, hati iandikwe jina la mrithi aliye hai, ndipo mzungumze bei. Ikiwa ana haraka ya pesa na ndugu zake hawajui anauza, umeshapata jibu lako.

Hati ikishakuwa ya mtu aliye hai, fuata hivi. Chukua nakala ya hati, ya kitambulisho na ya PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru. Fanya upekuzi rasmi kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, au kwa afisi ya ardhi yenyewe, uone jina, ukubwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Wengi huishia hapo. Wewe omba pia nakala ya kadi ya kijani, ile inayoonyesha historia yote ya kipande tangu kisajiliwe: nani alimpa nani, mwaka gani, na kama kuna kitu kiliwahi kufutwa. Upekuzi hukuonyesha leo tu, kadi hukuonyesha njia iliyopitwa. Halafu nunua ramani ya eneo, uende nayo shambani na mpimaji na majirani wote wanaopakana. Mipaka ya ramani hizi ni ya kukadiria, si ya vipimo vya senti. Yaani kule juu mpaka hasa ni ule ua wa mimea, jiwe, au mfereji ambao majirani wote wanakubaliana. Wakibishana, anayeamua kwanza ni msajili wa ardhi, hamwendi mahakamani moja kwa moja. Na ukiona jirani ameshalima upande wako kwa miaka 12 bila kukatazwa, jua ana njia ya kisheria ya kukidai.

Mkishaandika mkataba kwa wakili, kuna bodi ya ardhi. Hii ni ardhi ya kilimo, kwa hiyo bila idhini ya bodi mauzo ni batili. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya mkataba. Muuzaji huja na mkewe au mumewe, na kwa desturi bodi hutaka kuwaona watoto waliokomaa pia. Hata ikiwa jina kwenye hati ni la mume peke yake, idhini ya mke kwa maandishi ni lazima kisheria ikiwa ni mali ya ndoa. Shamba likikatwa kutoka kipande kikubwa, idhini ya kukata nayo inahitajika, kisha mpimaji ajaze fomu ya mgawanyo na ipatikane nambari mpya. Usilipe pesa yote kwa nambari ambayo bado haijazaliwa.

Malipo: asilimia 10 siku ya mkataba, iwekwe kwa wakili, si mkononi mwa muuzaji. Iliyobaki itoke pale tu idhini ya bodi, hati halisi, na fomu ya uhamisho iliyotiwa saini vikiwa mezani pamoja. Ushuru wa stempu unalipwa na mnunuzi: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, asilimia 4 kwa ya mjini. Thamani ni ile ya mthamini wa serikali, kwa hivyo kuandika bei ya uongo kwenye mkataba hakukuokoi.

Kile kichochoro cha mita 150. Angalia kwenye ramani kama kipande chako kinagusa barabara iliyochorwa. Kama hakigusi, unapita kwa hisani, na hisani hufa na mwenyewe. Taka haki ya njia isajiliwe kwenye hati ya yule jirani, upana uandikwe. Mita 3 kwa gari dogo, 6 ikiwa unataka lori lifike.

FundiWaBarani

Mzee wangu Karani amemaliza, mimi niingie kwenye udongo.

Bi Muyeye, kabla hujamwita mchoraji, pima mteremko mwenyewe. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pimamaji. Weka ncha moja juu ya ardhi upande wa mlimani, usawazishe ubao, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Sentimita 24 ni mteremko wa asilimia 12. Sentimita 70 ni asilimia 35. Pima mahali kumi, si mahali pamoja. Kanuni za kilimo zinakataza kulima palipozidi asilimia 35, na kati ya 12 na 35 ni lazima ulinde udongo kwa matuta. Maana yake, katika ekari moja na nusu unaweza kukuta unalipia yote na robo tatu ya ekari tu ndiyo ya kutumika. Hilo ndilo la kupigania bei.

Tena kuna chemchemi. Kando ya maji hakujengwi wala hakulimwi: mita 6 kwa uchache, hadi 30, kutegemea upana wa mkondo. Toa na hicho kipande kwenye hesabu.

Sasa nyumba. Mafundi wa huku Malindi tumezoea ardhi bapa, mchanga na mawe ya matumbawe. Kosa tunalolipeleka milimani ni kuchimba nusu ya kiwanja upande wa juu na kutumia udongo uleule kujaza upande wa chini, halafu nyumba ikae nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya kifusi. Nyumba ya upana wa mita 7 kwenye mteremko wa asilimia 20 ina tofauti ya mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele. Kile kifusi cha mbele kitashuka masika mawili matatu, hata ukikishindilia, na ufa utatokea katikati ya sebule, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Huo ufa hauzibwi kwa lipu.

Tiba ni mbili. Ama uchimbe mpaka nyumba yote ikae kwenye ardhi ya asili, ama msingi uteremke kwa ngazi. Ngazi za sentimita 20, zege la unene wa sentimita 20, na kila ngazi ilaliane na mwenzake angalau sentimita 40. Refusha nyumba kufuata kontua, yaani mstari wa usawa kando ya mlima, usiisimamishe kuelekea bondeni. Nyumba ya mita 5 kwa 12 iliyolala kando ya mlima ni rahisi kuliko ya 7 kwa 8.5 ingawa eneo ni sawa.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba: ukizidi mita 1.2 mwite mhandisi, usinisikilize mimi wala fundi mwengine. Chini ya hapo, ukuta wa mawe uwe na kitako cha nusu ya kimo chake, yaani sentimita 60 kwa mita 1.2, na uegemee mlimani kidogo. Nyuma yake tia kokoto sentimita 30, na upitishe mabomba ya inchi 3 kila mita 1.5 karibu na chini. Kinachoangusha kuta hizi ni maji yaliyokwama nyuma yake, udongo peke yake huwa unastahimilika. Ukiona ukuta usio na matundu, simama mbali nao mwezi wa Novemba.

Juu ya nyumba, kama mita 3 au 4 kutoka ukuta, chimba mtaro wa kinga wa kina cha sentimita 40, ushuke taratibu kuelekea pembeni na umwage maji kwenye majani, si kwenye shamba la jirani. Mtaro huu ni wa kusafishwa kabla ya vuli na kabla ya masika. Ukijaa majani ni kama haupo.

Dalili za mlima unaotembea: miti iliyopinda shina karibu na ardhi kisha ikanyooka juu, nyufa za mwezi mchanga kwenye nyasi, maji yanayotoka mahali ambapo majirani wanasema zamani palikuwa pakavu, nguzo za ua zilizolala upande mmoja. Ukiona mbili kati ya hizo, usijenge hapo hata ukipewa bure.

Vifaa: mabati huko hayaliwi na chumvi kama huku, kwa hivyo geji 30 watu wengi hutumia, ila upepo wa ukingoni ni mkali, na bati la geji 28 halipigi kelele wala halikunjiki upesi. Tia dari. Bila dari, ukungu wa asubuhi unaganda chini ya bati na kukudondokea kitandani, halafu utasema paa linavuja. Simiti ihifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike ndani ya wiki chache; unyevu wa kule huifanya mawe ikiwa mfukoni. Choo cha shimo kiwe chini ya chemchemi na si juu yake, umbali usipungue mita 30. Ukitaka shimo la kunywesha maji ya tangi la choo, jaribu udongo kwanza: chimba kishimo, kijaze maji, kesho yake kijaze tena na utazame yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Udongo mwekundu mzito unaweza kuyakatalia kabisa wakati wa mvua.

Na uchukuzi! Bei ya mchanga na mawe unayoambiwa Wundanyi ni ya kufika barabarani. Mita 150 za mwisho ni mabega ya vibarua. Waulize kabla: bei kwa mfuko, bei kwa ndoo. Hapo ndipo bajeti ya watu wengi hupasuka.

BintiMuyeye

Ahsanteni mno. Bwana Fundi, hiyo ya ubao nitaifanya. Muuzaji anasema maji si tatizo kwa sababu ya chemchemi, na kwamba mikalitusi naweza kuiuza nguzo nikarudisha pesa. Kweli?

Mdawida_Pwani

Dada, chemchemi na mikalitusi katika shamba moja ni maadui. Mkalitusi hunywa maji vibaya sana, na uliopandwa karibu na chemchemi huidhoofisha mwaka hadi mwaka. Uliza wazee, si muuzaji: mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba chemchemi hii inatoa ndoo ngapi kwa saa? Nenda uipime mwenyewe kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Tena uulize nani wengine wanachota. Chemchemi za Taita ni za kijiji kizima hata zikiwa ndani ya shamba la mtu, na ukija kuweka ua kuzizunguka siku ya kwanza, umejinunulia ugomvi wa miaka. Sehemu nyingi kuna mradi wa maji wa bomba wenye kamati. Ulizia ada ya kujiunga, zamu za siku ngapi kwa wiki, na bomba linapita kwenye mashamba ya nani.

Nguzo za mikalitusi zinauzika, ndiyo, lakini kukata miti kuna kibali, na visiki huchipua tena. Ukitaka kuiondoa kabisa ni kazi ya kuchimbua au kuvunja machipukizi mara kwa mara. Usikate yote kwa mpigo kwenye mteremko; mizizi ndiyo inayoshika udongo mpaka mingine iote. Kata mstari mmoja, panda mgrevilia au miti ya asili, ngoja, kisha kata mwengine.

Usitegemee chemchemi peke yake. Paa la mita mraba 80 kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka linakupa lita 80,000, toa robo ya kupotea, baki na 60,000. Familia ya watu watano wanaotumia lita 40 kila mmoja ni lita 200 kwa siku. Matangi mawili ya lita 10,000 ni siku 100. Hiyo inakuvusha kiangazi cha Januari na Februari, na inakupa pumzi Juni hadi Septemba ambapo kuna ukungu mwingi na mvua kidogo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi acha ioshe paa: kwa paa hilo, lita 80 za mwanzo zimwagwe. Kiasi cha mvua hubadilika sana kutoka upande mmoja wa mlima hadi mwengine. Upande unaokabili bahari hupata ukungu na mvua zaidi. Ukivuka kilele unaweza kukuta ukame ndani ya mwendo wa saa moja. Kwa hivyo "Taita kunanyesha" si jibu, uliza kijiji.

Baridi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300, na vijiji vya juu vinazidi hapo. Kilele cha Vuria ni kama mita 2,200. Sisi wa pwani tukiwa na kusi mwezi wa Julai tunajifunika shuka. Kule ni blanketi mbili na soksi. Nguo hazikauki siku tatu. Viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, basi maharagwe na pure ya mahindi huchukua kuni na muda zaidi. Sufuria ya presha inajilipa mwaka wa kwanza. Mbu ni wachache juu, lakini ukishuka Mwatate au Voi malaria iko, na mwili uliokaa baridini miaka huwa umeshasahau kujitetea.

Stima: tafuta transfoma iko wapi. Mradi wa Last Mile, ule wa serikali wa kusambaza stima, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Ukiwa mbali zaidi, nguzo ni gharama. Kama utatumia sola, usipige hesabu ya jua la Malindi. Pigia mwezi mbaya, Julai, jua la kweli masaa 2 na nusu tu kwa siku. Taa, televisheni, simu na redio ni kama wati-saa 600 kwa siku, na kwa upotevu wa kawaida unahitaji paneli za wati 350. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, itakupitisha siku mbili za ukungu. Simu jaribu mtandao ukiwa ndani ya kiwanja chenyewe, usiku watu wakiwa wengi. Milingoti iko vileleni, lakini bonde moja linaweza kuwa kipofu kabisa.

Barabara: Malindi hadi Mombasa, Mombasa hadi Voi, Voi hadi Mwatate, halafu kona za kupanda Wundanyi. Ni siku nzima kwa magari ya abiria, na treni ya SGR inasimama Voi kama unataka kupumzisha mgongo. Njia ya Sala kupitia mbuga ya Tsavo Mashariki ni fupi kwenye ramani, lakini utalipa kiingilio cha mbuga, hakuna matatu, na mvua ikinyesha usiiguse. Kutoka Wundanyi juu ni bodaboda, na masika barabara za udongo huteleza kama sabuni. Jua mapema hospitali ya Wesu iko umbali gani kutoka kijijini kwako usiku wa mvua, maana hilo ndilo la maana kuliko mandhari.

Watu kule wengi ni Wakristo, lugha ya nyumbani ni Kidawida, Kiswahili kila mtu anakijua. Pima umbali wa msikiti na wa nyama ya halali kabla, usije ukashtuka Ijumaa ya kwanza. Na uulize kama shamba linapakana na fighi, ule msitu wa wazee wa kulinda kijiji, au pango lenye mafuvu ya mababu. Hapo hapakatwi mti, hapasogezwi jiwe, na hati haikupi ruhusa. Makaburi ya ukoo ndani ya shamba nayo yaandikwe kwenye mkataba: yako wapi, na nani ana haki ya kuyazuru.

Bei_ya_Soko

Nyote mmejibu, lakini swali la nne limeachwa. Bei hupanda?

Ploti ya Malindi hupanda kwa sababu ya ufuo, wageni na watu wa Nairobi wanaotaka jina la pwani. Ardhi ya kijiji cha mlimani haina mnunuzi wa aina hiyo. Mnunuzi wake ni jirani, au mtoto wa kijiji anayefanya kazi Mombasa na anataka kurudi. Hao wanajua thamani kamili ya kila tuta, na hawana haraka. Ukitaka kuuza kwa dharura, utauza kwa hasara au utangoja. Kinachopandisha bei kule ni vitu vitatu vinavyoonekana: gari kufika mlangoni, maji ya mwaka mzima, na hati safi. Shamba hili kwa sasa halina hata kimoja kilicho kamili. Kwa hivyo bei yake iwe ya shamba lisilo navyo, na ukivipata vyote vitatu, hapo ndipo faida yako ilipo. Kungoja tu hakukuongezei kitu.

Kujua bei, usimuulize dalali. Uliza majirani watatu waliouza miaka ya karibuni, kwa ekari inayolimika, si kwa ekari ya ramani.

Kuhusu miparachichi, punguza matumaini. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja huingia miti kama 80. Lakini wewe huna ekari inayolimika, una pungufu. Hesabu 50. Miche iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, mavuno ya maana baadaye. Kwa miti 50 mnunuzi wa kampuni hapandi mlima, ni lazima muungane na wakulima wengine mjaze gari.

Mdawida_Pwani

Hapo nakupinga kidogo, Bei. Parachichi peke yake sawa, lakini mboga za Taita zinashuka soko la Kongowea, Mombasa, kila wiki, na anayelima kabeji, viazi na maharagwe kati ya mistari ya miti midogo anapata pesa tangu msimu wa kwanza. Sharti matuta ya fanya juu: unachimba mfereji kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya tuta unapanda matete ya ng'ombe. Bila hayo, mbolea yote inakwenda kwa jirani wa chini, naye atakushukuru.

Bei_ya_Soko

Sawa, kwa anayeishi pale. Dada yuko Malindi. Mboga zinataka mtu wa kila siku, na nyani na tumbili hawangoji mwenye shamba arudi wikendi. Akiweka kibarua, mshahara unakula viazi vyote. Shamba la mtu wa mbali ni miti, si mboga.

BintiMuyeye

Nimeelewa. Na la shemeji mbona mmelipita?

Karani_Mstaafu

Sikulipita, nililiweka mwisho kwa sababu ni fupi. Jina lake haliingii. Katiba, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99, si kuimiliki moja kwa moja, na hati za kule ni za umilikaji kamili. Juu ya hayo, ni ardhi ya kilimo: bodi haiwezi kutoa idhini kwa asiye raia. Kuunda kampuni mkagawana hisa hakusaidii, maana kampuni huhesabiwa ya raia pale tu wenye hisa wote ni raia. Na kumwandikia karatasi ya siri kwamba wewe umeshika kwa niaba yake, hiyo nayo Katiba imeitaja: kipengele chochote kinachompa zaidi ya miaka 99 huhesabiwa kuwa ni hiyo 99 tu. Akitaka kusaidia, akukopeshe kwa mkataba wa mkopo wa kawaida, tarehe na marejesho yaandikwe, mbali kabisa na hati.

Kama bado una hamu, panga chumba kijijini hapo kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai. Utaona mvua, utaona baridi, utaona kichochoro kikiwa matope, na utajua chemchemi ni ya nani. Muda huohuo muuzaji aende mahakamani na ndugu zake. Akikataa kwenda, kodi ya miezi mitano ndiyo hasara yako yote.

FundiWaBarani

Na ukipanga, beba ule ubao wa mita 2. Kule juu mbao zilizonyooka ni adimu, nyingi hukatwa mbichi na kujipinda.